Makosa 38 mwaka wa kwanza, kisha akaitwa shotistopu bora wa Japani: Yoshida Yoshio aliwezaje?

Namba6_Upanga (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Jambo hili linanikaa kichwani tangu Februari 2025, Yoshida Yoshio alipofariki akiwa na miaka 91. Kwa wasiomjua: alicheza besiboli, nafasi ya shotistopu, katika timu ya Hanshin Tigers ya eneo la Osaka, tangu 1953 mpaka 1969. Mtu wa Kyoto, urefu sentimita 167, mwili wa mwanafunzi wa sekondari. Chuo cha Ritsumeikan alikiacha kabla hata hajakizoea, akaenda kusaini.

Wajapani walimwita Ushiwakamaru wa leo. Ushiwakamaru ni jina la utotoni la Minamoto no Yoshitsune, yule kijana ambaye masimulizi yao yanasema alimsumbua pande la mtu Benkei juu ya daraja la Gojo, hapo hapo Kyoto, anaruka huku anatua kule, mpaka Benkei akasalimu amri. Jina kama hilo halipewi kila mtu. Waliomwona Yoshida wanasema hukuweza kutenganisha kudaka na kurusha. Mpira unaingia kwenye glovu, umeshatoka.

Sasa swali langu. Mwaka wake wa kwanza, 1953, alifanya makosa 38 ya kudaka na kurusha. Thelathini na nane! Meneja wake (yaani kocha mkuu), Matsuki Kenjiro, akakataa kumweka benchi. Miaka miwili baadaye kijana yumo kwenye kikosi bora cha ligi, na aliingia humo mara 9. Nini kilibadilika? Mikono yake? Uwanja? Wenzake? Au hakuna kilichobadilika isipokuwa macho ya watazamaji?

Mimi nilicheza nafasi hiyo hiyo pale shule ya Azania, kwa hiyo nauliza nikiwa na sababu. Karibuni.

MzeeWaPugu

Natia nanga hapa. Ila mwanangu, umetupeleka Osaka hatujafunga hata mizigo. Shotistopu ni nani?

Namba6_Upanga

Samahani mzee wangu, shikamoo.

Besiboli ina beisi nne zilizopangwa mraba, kila upande mita 27 na ushee. Shotistopu anasimama kati ya beisi ya pili na ya tatu, yaani upande ambao wapigaji wengi wa mkono wa kulia huupeleka mpira. Mpira unakuja chini kwa chini, mkali, unadunda unavyotaka. Lazima audake, ageuke, aurushe zaidi ya mita 30 mpaka beisi ya kwanza kabla mpigaji hajafika. Na mpigaji anatumia sekunde nne na kidogo tu kufika.

Ukipoteza nusu sekunde kuutafuta mpira ndani ya glovu, mtu keshakanyaga beisi. Ndiyo maana nafasi hiyo huwa ya mtu mwenye mikono kuliko watu wote uwanjani.

MzeeWaPugu

Marahaba. Nimekuelewa. Endeleeni, nipo.

DadaRaunda_Nakuru

Jameni, kumbe ni binamu wa raunda! Sisi wasichana wa shule za Kenya tumecheza hiyo miaka mingi. Mimi nilikuwa wa beisi ya pili, kidole hiki cha shahada hakikunyooka tena mpaka leo. Nasoma kimyakimya.

Takwimu_Tamu

Uzi mzuri. Naongeza namba ili tusiongee hewani. Mechi 2,007. Hiti, yaani mipigo iliyomfikisha salama kwenye beisi, 1,864. Wizi wa beisi, yaani kukimbilia beisi inayofuata bila kusubiri mpira upigwe, 350. Wastani wa kupiga .267, homurani (mipira iliyopigwa mpaka nje ya uwanja) 66 tu. Bingwa wa wizi wa beisi 1954 akiwa na 51, tena 1956 akiwa na 50. 1955 ndiye aliyeongoza kwa hiti katika Ligi ya Kati, moja ya ligi mbili kuu za Japani. Na alipata tuzo ya glovu ya dhahabu mara 9, kwa hiyo ubora wake wa kudaka hauna mjadala.

Bi_Nishinomiya

Takwimu_Tamu, hapo mwisho umeteleza kidogo, kaka. Tuzo ya glovu Japani ilianza 1972, wakati huo Yoshida ameshastaafu miaka mitatu. Alichopata mara 9 ni Best Nine, yaani kikosi bora cha mwaka, na kikosi hicho waandishi wa habari hupigia kura wakitazama kupiga na kudaka kwa pamoja. Kwa hiyo hiyo 9 haitoshi kumalizia mjadala wa mikono.

Na kwako Namba6: alipoingia 1953 timu iliitwa Osaka Tigers. Jina la Hanshin Tigers limekuja rasmi 1961. Hanshin ni kampuni ya reli yenye timu. Naishi karibu na njia yake hiyo hiyo, vituo viwili kutoka Koshien, uwanja wa Tigers, mwaka wa kumi na moja huu.

Takwimu_Tamu

Nimepokea, dada. Nimechanganya tuzo mbili. Asante.

Namba6_Upanga

Asante Bi Nishinomiya. Kumbe tuna mtu wa mlangoni kabisa. Usituache.

Kocha_Mstaafu

Mimi jibu langu ni rahisi: makosa hayapimi ubaya wa mdakaji. Mtunza alama anaandika kosa pale tu mpira ulipofikiwa na ukaponyoka, au ukarushwa vibaya. Ambao hukuufikia kabisa unaandikwa hiti ya mpigaji, na wewe unabaki msafi.

Sasa chukua kijana wa miaka 19 mwenye mbio za kuiba beisi 51 mwaka unaofuata. Anafika kwenye mipira ambayo mzee mwenye uzoefu anaiacha ipite huku akitikisa kichwa. Akifika kwenye mipira mingi zaidi, mingi zaidi itamponyoka. Zile 38 kwangu ni cheti cha miguu. Kilichobadilika baadaye ni kwamba mikono iliifikia kasi ya miguu.

Mkereketwa_Tandale

Kocha, nakubali nusu. Ukisema hivyo kila anayevuruga atajitetea kwamba ana miguu mizuri. Kwenye timu yetu ya mtaa yuko mmoja ana makosa mengi, na haendi popote, anasimama kama nguzo ya umeme.

Kocha_Mstaafu

Ndiyo maana nimetaja wizi wa beisi, kaka. Huyo wa kwenu ameiba ngapi?

Mkereketwa_Tandale

Haibi kitu huyo, labda chapati. Nimenyamaza.

Fundi_wa_Glovu

Naingia na upande wa vifaa. Glovu za miaka ya 1950 zilikuwa ndogo. Nyingi vidole vyake havikushikamana kwa kamba za ngozi kama vya leo, na mfuko wa kunasia mpira ulikuwa wa kina kifupi. Mchezaji wa leo anauzamisha mpira mfukoni kisha anauchimbua. Yule wa zamani aliufanya ugonge kiganja tu, mkono wa kulia uko pale pale unausubiri, unaukwapua.

Nimeshika glovu kuukuu ya aina hiyo, niliishona upya kwa ajili ya mzee mmoja aliyeileta kutoka Marekani. Ngozi nyembamba katikati, imepauka kwa jasho, ukikunja kiganja unahisi mifupa yako mwenyewe. Kwa kifaa kile huwezi kuutuliza mpira. Unauelekeza tu. Kwa hiyo hiyo habari ya kudaka na kurusha kuwa tendo moja ilidaiwa na glovu yenyewe, na Yoshida akaipeleka mbali kuliko wenzake.

Namba6_Upanga

Fundi, hapa umenifungua. Lakini wenzake wote walivaa glovu hizo hizo. Hirooka, shotistopu wa Giants ya Tokyo, alivaa hizo. Kizuka wa Nankai Hawks naye. Mbona jina la Ushiwakamaru lilimwendea mmoja?

Fundi_wa_Glovu

Ndiyo maana nimesema aliipeleka mbali. Sikusema yeye ndiye aliyeibuni.

Shabiki_wa_Giants

Mmemtaja Hirooka Tatsuro nikaamka. Jamani, tuwe wakweli. Hirooka aliingia 1954, mchezaji bora chipukizi wa mwaka, wastani .314 na homurani 15. Kudaka kwake kulikuwa somo la darasani: kiuno chini, mpira mbele ya kifua, miguu inapanga kwanza ndipo mkono unafuata. Ukimfundisha mtoto leo unamfundisha Hirooka. Huwezi kumfundisha Yoshida, kwa sababu alichofanya Yoshida ni kipaji tu. Na mtu anayerithisha mchezo kwa wengine ndiye mkubwa kwangu.

Bi_Nishinomiya

Shabiki wa Giants, hoja ya kufundishika ni nzito, siipingi. Hirooka amekuwa meneja akachukua ubingwa wa Japani na timu ya Yakult 1978, kisha na Seibu 1982 na 1983, na timu zake zilijulikana kwa kudaka. Lakini Yoshida naye alirithisha. 1985 aliporudi kuwa meneja wa Tigers alimrudisha Okada kwenye beisi ya pili, akamwamini Hirata kwenye shotistopu, na mwaka huo Tigers wakachukua ubingwa wa Japani kwa mara ya kwanza katika historia yao.

Mkereketwa_Tandale

Dada, 1985 ilikuwa homurani! Randy Bass 54, timu nzima 219. Mwezi wa nne Bass, Kakefu na Okada walimpiga Makihara wa Giants homurani tatu za kufuatana pale Koshien. Kudaka kuliingia wapi hapo?

Bi_Nishinomiya

Homurani ndizo watu wanazikumbuka, kweli. Ukiongea na wazee wa huku, kuna jingine wanalikumbuka mwaka ule. Tarehe 12 Agosti ndege ya JAL 123, ya shirika la Japan Airlines, ilianguka, watu 520 wakafa, na rais wa klabu ya Tigers, Nakano, alikuwa ndani yake. Timu ilikuwa inagombea ubingwa, wakaendelea kucheza na msiba. Jirani yangu mmoja akifika hapo kwenye maelezo yake hunyamaza, anamimina chai, ndipo anaendelea.

MzeeWaPugu

Mungu awarehemu wote.

Takwimu_Tamu

Turudi 1953 hadi 1969. Kabla mtu hajasema ni magazeti yaliyomkuza, nakataa mapema. Gazeti la Yomiuri ndilo lenye timu ya Giants. Kama kura za waandishi zingekuwa za upendeleo wa Tokyo, zingemwendea Hirooka. Lakini Hirooka alipata Best Nine moja tu, ya 1954, na Yoshida 9.

Shabiki_wa_Giants

Hizo kura zilihesabu na kupiga, wewe mwenyewe umesahihishwa hapo juu! Baada ya mwaka wa kwanza Hirooka hakupiga tena vile. Mikono hatujaigusa bado.

Takwimu_Tamu

Sawa, hapo umenibana.

Udongo_Mweusi

Salaam wakuu. Nimesoma yote, hakuna aliyetaja ardhi. Uwanja wa Koshien, uliofunguliwa 1924, ndani yake kote kule kwenye beisi hakuna nyasi. Ni udongo mweusi uliochanganywa na mchanga mweupe. Ukiwa laini na wenye unyevu wa kutosha, mpira unadunda kwa adabu. Ukikauka, unaruka kifuani. Kijana aliyetoka shule mwaka wa kwanza hajaujua. Akishaujua, anacheza kama yuko sebuleni kwake. Siri ni uwanja.

Kocha_Mstaafu

Nusu ya mechi alicheza ugenini, Udongo. Korakuen, uwanja wa Giants, nako alikwenda akafanya vile vile.

Bi_Nishinomiya

Na isitoshe, alishaukanyaga udongo huo akiwa mwanafunzi. Shule yake ya Yamashiro ilifika mashindano ya kiangazi ya shule za sekondari yanayofanyika Koshien mwaka 1950.

Ila niseme kidogo kuhusu udongo wenyewe, maana umenigusa. Nimekaa jukwaa la upande wa beisi ya tatu zaidi ya mara moja nikiwatazama mafundi wa uwanja kabla ya mechi. Wanaburuta reki polepole kwa mduara, kisha wanashika mpira mmoja mrefu wa maji, watu wanne watano wameubeba begani ili usichubue ardhi, na wa mbele anamwagia kwa kupunga juu, maji yanashuka kama manyunyu. Udongo unabadilika kutoka kijivu kuwa mweusi ti mbele ya macho yako. Halafu harufu inapanda mpaka juu ulipokaa, harufu ile ile ya mvua ya kwanza kwenye vumbi la nyumbani. Mara ya kwanza nilitokwa na machozi, wala sikuwa nimemkumbuka mtu.

DadaRaunda_Nakuru

Bi Nishinomiya, umenifanya niisikie harufu hiyo nikiwa hapa Nakuru. Ni kweli kwamba wanafunzi wanaofungwa hubeba ule udongo?

Bi_Nishinomiya

Kweli kabisa, dada. Wanapiga magoti, wanauzoa kwa mikono, wanatia kwenye mifuko ya viatu. Mwaka 1958 shule ya Shuri ya Okinawa ilikuwa ya kwanza kutoka visiwa vile kufika Koshien. Walifungwa mechi ya kwanza, wakabeba udongo wao kama wenzao. Okinawa ilikuwa chini ya Wamarekani wakati huo, na sheria ya karantini ya mimea ikakataza udongo wa kutoka nje. Walipofika bandarini ukatupwa baharini. Baadaye mhudumu mmoja wa ndege za JAL akawatumia mawe madogo ya Koshien, maana mawe hayakukatazwa.

MzeeWaPugu

Hii habari ya udongo kutupwa baharini imeniuma kuliko zote.

Namba6_Upanga

Pale Azania uwanja wetu wa besiboli, uliofunguliwa 2018 kwa msaada wa Japani, nao unaitwa Koshien, na mashindano ya shule ya taifa yana jina hilo hilo. Tulipoambiwa maana yake tulianza kuukanyaga kwa heshima. Mimi sikuchukua udongo. Ningejua hii ya Okinawa ningechukua.

Turudi kwenye mada kidogo, wakuu.

Mtu_wa_Beisi_ya_Tatu

Nimekuwa nikisubiri mtu aseme, hajasema. Shotistopu hachezi peke yake! Kulia kwake pale Tigers alikuwa Miyake Hideshi kwenye beisi ya tatu, aliyesaini mwaka ule ule wa 1953. Kushoto, Kamata Minoru kwenye beisi ya pili, yule aliyekuwa anaurudisha mpira kwa nyuma ya kiganja bila kugeuka. Watu waliwahi Koshien mapema kuwatazama hawa watatu wakifanya mazoezi tu ya kudaka kabla ya mechi, na wakasema kiingilio kimeshalipa, mechi yenyewe ni nyongeza.

Miyake alikuwa anakula eneo kubwa kiasi kwamba Yoshida aliweza kusogea kuelekea katikati. Ukipunguziwa eneo, makosa yanapungua. Mimi nimecheza beisi ya tatu, najua. Tunafanya kazi ya shotistopu, sifa anachukua yeye.

Namba6_Upanga

Hahaha, malalamiko yenu watu wa beisi ya tatu hayajaisha tangu shule! Lakini hoja ni nzuri. Swali: Miyake alipoumia, Yoshida alishuka?

Mtu_wa_Beisi_ya_Tatu

Umenipeleka mahali pagumu. Septemba 1962, uwanja wa Kawasaki, wanapasha misuli kabla ya mechi. Mpira uliorushwa na mwenzao Koyama Masaaki ukampiga Miyake jicho la kushoto. Alikuwa amecheza mechi 882 mfululizo. Uwezo wa kuona haukurudi kama mwanzo, wala Miyake hakuwa yule tena. Mwezi uliofuata Tigers wakatwaa ubingwa wa ligi.

Na kwa haki: Yoshida hakushuka. Alipata Best Nine mwaka huo huo, tena 1964, tena 1965.

Kocha_Mstaafu

Basi nadharia yako umeizika kwa mkono wako.

Mtu_wa_Beisi_ya_Tatu

Haijafa. 1964 alikuwa na miaka 31 na mazoea ya miaka kumi mwilini. Mimi naongelea jinsi alivyojengeka, siyo jinsi alivyoendelea.

Takwimu_Tamu

Mimi naleta warushaji, wale wanaomtupia mpigaji mpira. Koyama alijulikana kwa kulenga, mpira unakwenda anapotaka yeye. Murayama Minoru alikuja 1959. Mwaka 1962 Koyama alishinda mechi 27, Murayama 25. Mrushaji anayelenga chini na pembeni anamlazimisha mpigaji apige mpira dhaifu wa chini, na shotistopu anajua mapema utakuja upande gani. Nyuma ya mrushaji asiyejua unakwenda wapi, hata Ushiwakamaru angekuwa na makosa 38.

Shabiki_wa_Giants

Murayama huyo huyo ndiye aliyepigwa na Nagashima wa Giants homurani ya kumaliza mechi mbele ya Mfalme wa Japani, tarehe 25 Juni 1959, Korakuen, 5 kwa 4! Nimeona nipitishe tu.

Mkereketwa_Tandale

Murayama alisema mpaka kufa kwake kwamba ule mpira ulitoka nje ya mstari.

Shabiki_wa_Giants

Mwamuzi alisema umo ndani. Imekwisha.

Mkereketwa_Tandale

Haijaisha, na haitaisha. Yoshida alikuwa pale pale shotistopu, aliutazama ukipita juu.

Bi_Nishinomiya

Waacheni wapumzike. Yoshida Februari 2025, Koyama Aprili, Nagashima Juni. Mwaka mmoja huo huo. Huku kwetu wazee walikuwa wanakutana vibarazani na gazeti mkononi, hawajui waanze na nani.

Mfupi_Halisi

Wakuu, naingia na kisa changu, naomba mnivumilie.

Nina urefu wa sentimita 163. Shule niliyosoma, sitaitaja, tulipoanzishiwa besiboli mwalimu aliyesimamia alitupanga kwa kimo kama gwaride. Warefu beisi ya kwanza na shotistopu, wa kati nje kabisa, sisi wafupi tukapewa kuokota mipira. Miezi minne nimeokota mipira. Nilikuwa nadaka kila kilichonijia pale pembeni kwa mikono mitupu, hakuna aliyenitazama. Siku moja shotistopu wao akaumia kifundo, nikaingizwa dakika za mwisho, mpira wa kwanza ukanipita katikati ya miguu. Nikatolewa papo hapo. Sikuchezeshwa tena.

Ndiyo maana katika uzi huu mtu ninayemheshimu kuliko wote ni Matsuki. Kijana mfupi, makosa 38, uwanja mzima unapiga kelele, na meneja anaandika jina lake tena kesho yake. Mnatafuta siri kwenye glovu na kwenye udongo. Mimi naona siri ni mtu aliyemwacha akosee mara ya 39.

DadaRaunda_Nakuru

Pole sana, ndugu yangu. Hii imenigusa.

MzeeWaPugu

Mwanangu Mfupi, pole. Mwalimu yule alikukosea.

Kocha_Mstaafu

Nami nasema pole, kwa niaba ya makocha. Ila naongeza kama kocha: Matsuki hakumwacha kwa huruma. Aliona kitu. Vijana wanaokosea wako wengi na wengi wanatolewa kwa haki. Swali la mwanzisha uzi linabaki: aliona nini?

Mfupi_Halisi

Mimi nilipewa mpira mmoja, kocha. Yeye alipewa msimu mzima. Huyo wa msimu mzima ndiye unayeweza kusema ameonekana.

Kocha_Mstaafu

Sina jibu la hilo.

Takwimu_Tamu

Kuhusu macho yake nina moja. 1964 alipiga wastani wa .318, na aliwahi kufika kwenye boksi la kupigia mara 179 mfululizo bila kutolewa kwa straiki tatu (kuukosa mpira mara tatu) hata mara moja. Wakati huo ilikuwa rekodi ya ligi. Na alijulikana kuwa msumari kwa Kaneda Masaichi, mrushaji mwenye ushindi 400. Mtu anayeuona mpira wa Kaneda hivyo anauona pia ule unaotoka kwenye gongo la mpigaji. Pengine tunatazama mikono wakati jibu ni macho.

Namba6_Upanga

Nakazia. Mimi nikikumbuka siku nilizodaka vizuri, mpira niliuona mapema, ningali nimeinama. Siku mbaya niliuona umeshafika. Mikono ilikuwa ile ile.

Mswahili_wa_Lyon

Hamjambo. Nimechelewa. Mnajua kwamba huyu mzee alikuwa meneja wa timu ya taifa ya Ufaransa? 1989 mpaka 1995. Kwao Japani wakaanza kumwita Musyu, yaani Monsieur, "bwana" kwa Kifaransa. Huku besiboli ni mchezo wa watu wachache mpaka leo, lakini wanaoucheza wanalijua jina lake, na yapo mashindano yanayoitwa Yoshida Challenge. Hebu fikirieni, mtu ameipa Tigers ubingwa wa kwanza, 1987 amemaliza mkiani na kuondoka, halafu anahamia nchi isiyojua hata glovu inavaliwa mkono gani, anaanza na watu wazima kama watoto.

Mimi hicho kinanijibu. Mtu asiye na mbinu, mwenye kipaji tu, hawezi kufundisha Wafaransa. Kwa hiyo Shabiki wa Giants, hapo juu ulisema Yoshida hafundishiki.

Shabiki_wa_Giants

Hoja imenifika. Nakiri nilikuwa sijui hiyo ya Ufaransa. Lakini Hirooka bado ndiye wangu.

Bi_Nishinomiya

Wakuu, leo asubuhi nimemuuliza yule jirani yangu wa chai. Ana miaka themanini na kitu, alikuwa akija Koshien na baba yake. Nikamwambia, ndugu zangu wanauliza kuhusu makosa 38 ya Yoshida-san. Akacheka, akasimama. Ana goti bovu, kusimama kwake ni safari. Akachukua chungwa mezani, akalitupia fusuma (mlango wa karatasi wa kuteleza) taratibu, likadunda sakafuni, akalipokea kwa mkono wa kushoto na papo hapo likawa kulia, sikuona lilivyopita. Akaniambia hivi: baba yake alikuwa akisema Yoshida hakukosa kudaka, alikosa kusubiri. Alirusha mapema mno, mtu wa beisi ya kwanza hajafika, mpira unakwenda kupiga uzio. Na kwamba hakubadilika yeye, waliobadilika ni wenzake, walijifunza kukimbia.

Naleta kama nilivyopewa.

Kocha_Mstaafu

Hii ndiyo nadharia nzuri kuliko zote mpaka sasa, na ndiyo inayoweza kupimwa. Makosa ya kudaka na makosa ya kurusha ni vitu viwili. Tukipata mgawanyo wa zile 38 tutajua. Kama nyingi ni za kurusha, mzee wa chungwa amesema kweli. Kama nyingi ni za kudaka, narudi kwenye miguu yangu.

Mtu_wa_Beisi_ya_Tatu

Au mimi narudi kwa Miyake.

Udongo_Mweusi

Na mimi kwenye udongo. Msinisahau.

Namba6_Upanga

Bi Nishinomiya, magazeti ya 1953 yanaweza kupatikana maktaba za huko? Kila mechi huwa na jedwali lake, na mwandishi huandika kosa lilitokeaje.

Bi_Nishinomiya

Maktaba ya mkoa Osaka wanayo magazeti ya zamani kwenye filamu. Jumamosi sina kazi. Nitaanza na mwezi wa nne na wa tano, nitaandika kila kosa na jinsi lilivyotokea. Kanji, yaani maandishi ya Kijapani, za wakati ule zinachosha macho, msinihimize.

Fundi_wa_Glovu

Ukiona picha ya glovu yake, hata yenye ukungu, naomba uipige upande wa kiganja.

Mfupi_Halisi

Na mimi naomba uangalie siku iliyofuata mechi aliyokosea mara mbili au tatu. Jina lake lipo kwenye orodha ya wanaoanza?

Bi_Nishinomiya

Nitaangalia hilo kwanza.

MzeeWaPugu

Nimempa mjukuu chungwa. Ameshavunja kikombe. Nasubiri Jumamosi.